Musta'sim Billahi, Khalifa wa Mwisho wa Baghdad



Wanaoichunguza dini ya Kiislamu, na hata ndugu zetu walioingia katika dini hii karibuni, huuliza swali moja linalostahili jibu. Husema: Ikiwa Mwenyezi Mungu aliwaahidi Waislamu msaada Wake, ilikuwaje mji mkuu wa Waislamu, Baghdad, ukaangamizwa na jeshi la washirikina, na Khalifa aliyeitwa Amiri wa Waaminio akauawa kwa kukanyagwa? Swali hili halifai kujibiwa kwa hasira, wala kukwepwa. Njia iliyo bora ni kuyatazama maisha ya Khalifa mwenyewe, tuone alikuwa mtu wa namna gani, aliwekewa amana gani mikononi mwake, naye aliifanyia nini amana hiyo.

Jina lake lilikuwa Abdullah bin Mansur, naye alizaliwa mjini Baghdad mwaka 1213, yaani 609 Hijiriya. Alikuwa wa ukoo wa Abbas, ami yake Mtume Mtukufu s.a.w., ukoo ulioshika utawala tangu mwaka 750. Yafaa ukumbuke, ewe msomaji, kwamba utawala wa Bani Abbas uliitwa Ukhalifa kwa jina, lakini kwa hakika ulikuwa ufalme wa kurithiana, mtoto kwa baba na ndugu kwa ndugu. Hawakuchaguliwa kama walivyochaguliwa Seyidna Abubakar na Seyidna Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi nao.

Ama mji wao wa Baghdad, uliojengwa na Khalifa Mansur mwaka 762 kando ya mto Dijla, haukuwa na mfano. Hapo ndipo zilipofasiriwa kwa Kiarabu elimu za Wayunani, Waajemi na Wahindi katika siku za Harun Rashid na mwanawe Maamun. Hapo ndipo Imamu Ghazali aliposomesha katika chuo cha Nizamiya. Ni kweli kwamba tangu mwaka 945 makhalifa walikuwa chini ya mikono ya maamiri wa Kibuwayhi, kisha chini ya masultani wa Kiseljuki, nao wakabaki na heshima bila nguvu. Lakini Khalifa Nasir, aliyetawala tangu mwaka 1180 hadi 1225, aliirudisha sehemu ya nguvu hizo, na Mustansir, baba yake Musta'sim, aliacha jeshi kubwa na chuo kizuri cha Mustansiriya, kilichofunguliwa mwaka 1234. Ndani ya chuo hicho madhehebu manne ya Kisunni yalisomeshwa chini ya dari moja, na wanafunzi walipewa chakula na fedha za matumizi. Kwa hiyo Musta'sim hakurithi nyumba iliyobomoka.

Mustansir alipofariki mwishoni mwa mwaka 1242, alikuwapo nduguye, aliyejulikana kwa jina la Khafaji, mtu shujaa aliyekuwa akisema wazi kwamba akipewa utawala atauvuka mto pamoja na majeshi na kuwaondoa Wamongolia katika nchi walizoziteka. Wanahistoria wanaeleza kwamba wakubwa wa jumba la kifalme walimwogopa mtu huyo, maana mtawala mwenye nguvu angewapunguzia nguvu zao. Basi wakamwacha, wakamchagua Abdullah kwa sababu alikuwa mpole na mwepesi wa kuongozwa. Akapewa jina la Musta'sim Billahi, maana yake mwenye kushikamana na Mungu. Alikuwa na umri wa miaka 29 hivi.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba alikuwa mtu fasiki. Hapa ndipo penye fundisho zito. Walioandika habari zake, hata wale wanaomlaumu, wanakiri kwamba alikuwa mtu wa dini, msomaji wa Kurani Tukufu, mwenye mwandiko mzuri, mpole wa ulimi na mwenye haya. Katika jumba lake alilelewa Yakut Musta'simi, bingwa wa hati za Kiarabu ambaye mwandiko wake uliigwa na waandishi wa karne nyingi, naye akachukua jina la bwana wake. Lakini waandishi hao hao wanasema kwamba alikuwa dhaifu wa maamuzi, mwenye kupenda mali, njiwa na nyimbo kuliko mambo ya dola. Aliingia maktaba yake akakaa humo saa nyingi, na faida haikuonekana.

Watatolewa mifano miwili tu. Wa kwanza ni wa amana. Nasir Daud, mtawala wa Karak katika nchi ya Shamu, alipozidiwa na jamaa zake alipeleka Baghdad vito vya thamani vilivyokisiwa kuwa dinari laki moja, akaviweka kwa Khalifa ili avichukue siku ya shida. Siku hiyo ilipofika, Khalifa hakuvirudisha. Mtu huyo alisafiri na kuomba tena na tena, akarudi mikono mitupu. Kila Mwislamu anajua kwamba Mtume Mtukufu s.a.w., hata usiku ule alipokuwa akihama Makka huku maadui wanataka kumwua, alimwacha Seyidna Ali nyuma ili azirudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa makafiri. Aliyekaa katika kiti cha kumwakilisha Mtume huyo akashindwa kumrudishia Mwislamu mwenzake vito vyake.

Mfano wa pili umeandikwa na Ibn Tiktaka, mwanahistoria aliyeishi karibu na siku zile. Anasimulia kwamba Badruddin Lulu, mtawala wa Mosul, alipokea wajumbe wawili kwa wakati mmoja. Mmoja alitoka kwa Hulagu, mkuu wa Wamongolia, akitaka apelekewe mitambo ya kurushia mawe na vyombo vya kuzingira miji. Wa pili alitoka kwa Khalifa, akitaka apelekewe waimbaji na wapigaji wa ala. Badruddin akawageukia waliokuwapo, akawaambia watazame maombi hayo mawili, kisha waulilie Uislamu na watu wake.

Hulagu huyo alikuwa mjukuu wa Genghis Khan. Babu yake alikuwa ameziteketeza Bukhara na Samarkand mwaka 1220, na tangu hapo ulimwengu wa Kiislamu ulikwisha onywa. Mwaka 1253 Hulagu alitumwa magharibi na nduguye Mongke, Khan Mkuu. Akaanza na ngome za Waismailia wa Alamut katika milima ya Irani, akaiteka Alamut yenyewe mwishoni mwa mwaka 1256. Kabla ya hapo alikuwa amemtaka Khalifa apeleke askari wa kumsaidia, Khalifa hakupeleka. Tena hakujitayarisha kwa vita, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kukataa bila kujitayarisha ni sawa na kumchokoza simba kisha kulala mlangoni mwa pango lake.

Wakati huo hali ya Baghdad ilikuwaje? Mwaka 1256 mto ulifurika ukabomoa majumba mengi. Masunni na Mashia wa mji huo walipigana mitaani, na mtaa wa Karkh uliokaliwa na Mashia uliporwa na askari wa serikali yenyewe, wakiwa pamoja na mwana wa Khalifa. Waziri, Ibn Alkami, alikuwa Shia. Amiri mkuu wa majeshi alikuwa Sunni, na cheo chake kiliitwa Dawatdar, maana yake mshika kidau cha wino, ingawa kazi yake ilikuwa ya upanga. Wawili hawa walichukiana kiasi kwamba kila shauri la mmoja lilipingwa na mwenzake. Askari walicheleweshewa mishahara, wengine wakafutwa katika daftari, na inasimuliwa kwamba baadhi yao walionekana wakiomba sadaka milangoni mwa misikiti.

Waandishi wengi wa Kisunni wamemtia waziri huyo hatiani kwa uhaini, wakisema alimwandikia Hulagu kwa siri kumwita. Wengine, akiwamo Ibn Tiktaka, wamemtetea, wakisema kwamba alikuwa mwaminifu na maneno hayo ni ya uzushi. Sisi hatuoni haja ya kuirudisha kesi hiyo barazani. Yatosha kusema kwamba waziri huyo alikaa katika cheo chake zaidi ya miaka 12 kwa idhini ya Khalifa. Mchungaji ambaye hajui kama mbwa wake ni mlinzi au ni mwizi, lawama ya kondoo walioliwa inamrudia yeye mwenyewe.

Mwaka 1257 Hulagu alimpelekea Khalifa barua akitaka abomoe kuta za mji, afukie handaki, na aje mwenyewe au awatume wakubwa wake. Wajumbe wa Wamongolia walitukanwa na kutemewa mate na watu wa mitaani. Waziri akashauri apelekewe zawadi nyingi sana: shehena za mali, ngamia na farasi wa Kiarabu. Khalifa akakubali. Dawatdar akasema kwamba waziri anatafuta faida yake mwenyewe. Khalifa akabadili shauri, akapeleka zawadi ndogo. Ikashauriwa askari wakusanywe. Wakakusanywa, lakini fedha za kuwalipa zikachelewa kutoka katika hazina. Hivyo hakufuata njia ya amani, wala hakufuata njia ya vita.

Alitegemea nini basi? Jibu tunalipata katika barua aliyomwandikia Hulagu. Alimkumbusha kwamba kila aliyeinua mkono wake juu ya nyumba ya Bani Abbas aliangamia: Yakub Saffar aliyeivamia Iraki mwaka 876 akashindwa na kufa baadaye kwa maradhi, Basasiri aliyeiteka Baghdad mwaka 1058 akauawa, na mfalme wa Khwarazm aliyeanza safari ya kuja Baghdad mwaka 1217, jeshi lake likafunikwa na theluji milimani. Khalifa aliamini kwamba utukufu wa ukoo wake ni ngao inayojilinda yenyewe.

La ajabu ni kwamba imani hiyo ilikuwa imeenea hata katika kambi ya maadui. Mnajimu mmoja, Husamuddin, alimwonya Hulagu kwamba akiishambulia Baghdad mvua itakatika, farasi watakufa na jua halitachomoza. Hulagu akamwuliza mwanachuoni Nasiruddin Tusi, Mwislamu aliyetolewa katika ngome za Waismailia na kuingizwa katika utumishi wa Wamongolia. Tusi akajibu kwamba hakuna litakalotokea, isipokuwa Hulagu atakaa mahali pa Khalifa. Akatoa hoja kwamba masahaba wengi watukufu waliuawa na mbingu hazikuanguka. Na kama ikisemwa kwamba Bani Abbas wana ulinzi wa pekee, basi Khalifa Amin aliuawa na jemadari wa nduguye Maamun, na Mutawakkil aliuawa na askari wake kwa njama ya mwanawe. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba hoja hiyo ilitolewa kwa ajili ya kuuvunja mji wa Waislamu. Hata hivyo hoja yenyewe ilikuwa ya kweli. Hakuna ahadi ya Mwenyezi Mungu iliyofungwa katika damu ya ukoo wowote, wala katika kuta za mji.

Januari 1258 Wamongolia wakafika kutoka pande zote. Tarehe 17 mwezi huo Dawatdar alivuka hadi upande wa magharibi wa mto akawarudisha nyuma watangulizi wao. Usiku Wamongolia wakabomoa kingo za mifereji, maji yakaijaza nchi ya tambarare nyuma ya jeshi la Waislamu, na kulipopambazuka wakalishambulia. Wengi walizama, wengine wakauawa, na Dawatdar akarudi mjini na watu wachache. Mji ukazingirwa tarehe 29. Palikuwa hapana mawe karibu, basi Wamongolia wakayaleta kutoka mbali, wakakata na mitende, wakaitumia mitambo yao kuirusha juu ya kuta. Walifunga barua kwenye mishale wakazitupa ndani, wakiahidi usalama kwa makadhi, wanavyuoni na kila asiyepigana. Mwanahistoria Ibn Kathir anasimulia kwamba katika siku hizo za kuzingirwa mshale uliingia dirishani katika jumba la Khalifa ukamwua kijakazi aliyekuwa akicheza ngoma mbele yake, naye Khalifa akaamuru mapazia zaidi yatundikwe.

Tarehe 10 Februari Musta'sim akatoka nje ya mji pamoja na wanawe watatu na watu wapatao 3,000 katika masharifu, maimamu na makadhi. Hulagu alimpokea kwa maneno ya heshima, akamtaka awaamuru watu wa mji waweke silaha chini na kutoka. Khalifa akaamuru hivyo, watu wakamtii. Walipotoka bila silaha, wakauawa. Hii ndiyo amri ya mwisho ya Khalifa iliyotiiwa na Waislamu wa Baghdad.

Tarehe 13 uporaji ukaanza, ukaendelea kwa muda wa wiki nzima, na wengine wamesema siku 40. Wakristo wa mji walisalimishwa kwa maombezi ya mke wa Hulagu, Dokuz Khatun, aliyekuwa Mkristo. Ama Waislamu, hesabu yao aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Hulagu mwenyewe, katika barua aliyompelekea mfalme wa Ufaransa mwaka 1262, alitaja watu zaidi ya laki mbili. Waandishi wa Kiislamu wametaja laki nane na zaidi. Misikiti ikakaa bila sala ya Ijumaa. Vitabu vingi viliteketea. Vingine vilichukuliwa na Tusi mpaka Maragha, alikojenga kituo cha kuchunguza nyota mwaka 1259.

Tarehe 15 Hulagu aliingia katika jumba la kifalme akafanya karamu. Akamwita Khalifa, akamwambia kwamba yeye ndiye mwenyeji na wao ni wageni, basi alete kinachowafaa. Musta'sim alitetemeka hata hakuweza kuzitambua funguo za hazina zake, zikavunjwa kufuli. Akaulizwa mali iliyofichwa; akaonyesha mahali katika ua, wakachimba wakakuta hodhi iliyojaa dhahabu. Ilikuwa ni ile dhahabu ambayo askari walikuwa wakiisubiri.

Ipo habari moja iliyoandikwa kwa jina la Nasiruddin Tusi, nayo nakuomba, ndugu msomaji, uisome polepole. Hulagu aliweka sahani ya dhahabu mbele ya Khalifa akamwambia ale. Khalifa akasema kwamba dhahabu hailiwi. Hulagu akamwuliza: kwa nini basi aliilimbika, asiwape askari wake? Na ile milango ya chuma, kwa nini hakuifua ikawa ncha za mishale, akaja kumzuia mtoni asivuke? Khalifa akajibu kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyokadiria. Hulagu akamjibu kwamba litakalompata sasa nalo pia ni kadari ya Mungu.

Kafiri alimfunga Khalifa mdomo kwa neno la Khalifa mwenyewe. Kuamini kadari ni sehemu ya imani yetu. Lakini tazama jinsi Mtume Mtukufu s.a.w. alivyoiamini. Makabila ya Kiarabu yalipokuja kuizingira Madina mwaka 627, alikuwa na ahadi ya Mungu iliyo wazi kuliko yeyote, na bado alishika sururu kwa mikono yake, akachimba handaki pamoja na masahaba huku njaa imembana tumbo. Handaki la Baghdad lilikuwa limechimbwa tayari. Lililokosekana ni watu walioshiba na kulipwa wa kusimama juu yake.

Tarehe 20 Februari 1258, sawa na tarehe 14 Safar, Mfunguo Tano, mwaka 656 Hijiriya, katika kijiji kilicho nje ya mji, Musta'sim aliuawa pamoja na mwanawe mkubwa. Wamongolia waliogopa kumwaga damu ya wafalme juu ya ardhi. Kwa hiyo, kama wasemavyo wengi, alifungwa ndani ya zulia akakanyagwa mpaka akafa. Alikuwa na miaka 45. Hadithi ipendwayo Ulaya, iliyosimuliwa na Marco Polo, kwamba alifungiwa katika mnara pamoja na dhahabu yake hata akafa kwa njaa, ni ngano tu. Mwanawe mdogo aliachwa hai, akapewa mmoja wa wake za Hulagu. Waziri Ibn Alkami alirudishwa katika kazi yake chini ya mabwana wapya, naye akafa mwaka huo huo.

Jua halikukosa kuchomoza, kama alivyosema Tusi. Lakini muulizaji wetu wa mwanzo ameuliza habari za Uislamu, na Uislamu haukuuawa ndani ya zulia lile. Mwezi wa Septemba 1260, katika Ramadhani, majeshi ya Misri yaliwashinda Wamongolia huko Ain Jalut katika Palestina. Berke, binamu yake Hulagu, mtawala wa Wamongolia wa kaskazini, alikuwa amekwisha silimu; yaliyofanyika Baghdad yalimkasirisha, na mwaka 1262 vita vikazuka kati yao wawili. Hulagu alifariki mwaka 1265. Mwanawe mmoja, Teguder, alisilimu akajiita Ahmad, akatawala tangu mwaka 1282 hadi 1284. Na mwaka 1295, miaka 37 baada ya kifo cha Musta'sim, kitukuu wa Hulagu aitwaye Ghazan alitamka shahada, akachukua jina la Mahmud, na askari wake wengi wakaingia katika Uislamu pamoja naye. Hakuna jeshi la Khalifa lililomlazimisha. Wakati huo Baghdad haikuwa na Khalifa wala jeshi.

Ghazan huyo ndiye aliyemwamuru waziri wake, Rashiduddin, kuiandika historia ya Wamongolia, na sehemu kubwa ya habari za siku za mwisho za Musta'sim ulizozisoma hapa, zile za barua, za mnajimu na za hodhi la dhahabu, zimetufikia kwa kalamu yake. Rashiduddin alizaliwa Hamadan katika nyumba ya Kiyahudi, naye akaingia katika Uislamu alipokuwa mtu mzima, chini ya utawala wa wazao wa wale walioichoma Baghdad.